Meli ya Upande Mmoja

Kwako Seifu,

Salamu nilikupa asubuhi ukaitikia huku unatazama simu, kwa hiyo hizo zimeshapita. Hali yangu unaijua, nimeamka nayo humu humu ndani. Umeondoka sasa hivi na bodaboda kwenda Mvumi kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua, hakuachii mpaka umekula mara mbili na kubebeshwa mahindi. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Kesho asubuhi utapanda treni, ukifika Dodoma utapanda basi la Mwanza, na huko mbele ni wewe na fundi wako. Nimekaa kwenye meza yangu ya kukatia nguo, ambayo leo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, ina nafasi ya kuweka karatasi na viwiko vyangu vyote viwili.

Sitakuandikia mambo ya kuvaa sweta wala kutokula vya barabarani. Hukuwahi kuyafuata ukiwa mbele ya macho yangu, sasa utayafuata ukiwa kule ziwani? Nataka kuandika kuhusu ile meli. Usigune. Najua umeguna.

Jana tulipomaliza kula ulisema, tena huku unachokonoa meno, "Mama, ile meli wape tu watoto wa Mama Kulwa hapo jirani waichezee." Basi. Mimi nikanyamaza, na wewe, kwa kuwa hujazoea kuniona nimenyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikasirika nikiosha vyombo, nikakasirika nikitandika kitanda, nikakasirika mpaka kwenye sala ya alfajiri, Mungu anisamehe. Na bado nimekasirika, ndiyo maana mwandiko wangu umelala hivi.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe una tabia ya kukumbuka mambo kuanzia pale ulipoonekana wa maana.

Ulikuwa Mikumi kwa baba yako na mke wake mdogo, na baba yako, ambaye kwa hili nampa haki yake, alikutafutia kazi ya kusafisha vyumba kwenye kambi ya watalii. Nilifurahi. Chuo cha umeme ulikiacha hata muhula wa kwanza haujaisha, eti mwalimu ana dharau. Bodaboda uliiacha, eti jua. Lakini Mikumi ulitulia, ukatulia mpaka nikaanza kuwaambia wateja, "Mwanangu yuko Mikumi, yuko na wazungu." Nilikuwa nasema hivyo huku napima viuno vya watu, kwa sauti, ili na wa nje wasikie.

Halafu ukaja likizo na boksi kwapani. Ukanieleza kwamba kuna mgeni mzee alikuja nalo kutoka kwao, apate cha kufanya mchana wakati wanawe wameenda kutazama wanyama. Alilifungua, akaona mikono yake inatetemeka, akalifunga. Siku ya kuondoka akakupa wewe.

"Mama, ni meli," ukasema.

Nikachungulia. Niliona vijiti, vibao, uzi na misumari midogo ambayo hata kucha ya mtoto ni kubwa kuliko hiyo.

"Meli iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo. Inaundwa."

"Inaundwa na nani?"

"Na mimi."

Nilicheka. Siku zile bado nilikuwa na kicheko. Nikakuuliza hiyo meli itaelea wapi, maana sisi Kilosa tuna mto Mkondoa tu, ambao ukijaa unatuingilia ndani na ukikauka unavukwa na mbuzi. Ukasema haielei, ni ya kutazama. Nikasema sawa. Ukasema unaomba meza yangu siku mbili tatu.

Siku mbili tatu! Seifu, nilikupa meza kabla ya Ramadhani, na Idi ikanikuta nakata magauni ya watu chini, kwenye mkeka, magoti yanalia, huku meli ya kutazama imelala juu ya meza kama mzazi aliyetoka kujifungua. Fundi mzima wa Magomeni ya hapa Kilosa! Wateja wakiingia wanauliza, "Fundi, umehamia chini?"

Na laiti ungechukua meza peke yake. Ulichukua vibanio vyangu vya nguo, vyote, kubania vibao vishikane na gundi, nikawa naanika kanga kwenye kamba bila kibanio, upepo unazipeleka kwa jirani. Ulichukua sufuria langu la pilau kulowekea mbao. Ulichukua pasi, pasi yangu ya kazi, kukunjia vibao vilivyolowa, mpaka siku moja nikaweka pasi hiyo hiyo juu ya gauni la bibi harusi ikaacha mstari wa gundi kifuani. Nililisugua lile gauni huku nakutukana kimoyomoyo. Pini zangu, mkasi wangu mdogo wa nyuzi, chaki, vyote vikawa vyombo vya bandari.

Na kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha lugha ambayo si Kiswahili wala Kiingereza. Kulikuwa na picha tu. Tulizitazama mimi na wewe kama watu wanaotazama picha za harusi wasiyoalikwa. Namba hapa, mshale pale. Ukasema, "Hizi namba ni majina ya vipande tu, mama." Nikaamini. Nilikuwa naamini sana siku zile.

Ukaanza na ule ubao mrefu wa katikati, uti wa mgongo wa meli, ambao ulitafuta kwenye simu ukaniambia unaitwa mkuku. Kwenye mkuku zinachomekwa mbavu. Wewe ukapaka gundi, ukachomeka zote, halafu ndipo ukatazama picha ukaona mbavu za mbele umeziweka nyuma. Nikakwambia nguo hupigwa bandi kwanza, nyuzi za muda za kushikiza, ukiona imekaa ndipo unashona moja kwa moja. Kwa nini usichomeke bila gundi kwanza? Ukanijibu, "Mama, hii si nguo." Tukaloweka mbavu kwenye maji ya moto, zikatoka, na likizo yako ikaisha zikiwa zinakauka.

Hapo ndipo ulipopotezea kazi. Usiniambie habari ya msimamizi kuwa na roho mbaya. Alikupigia mara ya kwanza ukamwambia unaumwa. Alikupigia mara ya pili, na mimi niko hapa hapa nasikia, ukamwambia kuna shughuli ya familia. Ukakata simu ukanigeukia: "Gundi haijakauka, mama, siwezi kuibeba." Mara ya tatu hakupiga. Akapiga baba yako.

"Mama Seifu, mtoto wako ana nini?"

"Ana meli."

Akauliza, "Ya nani?"

Nilikata simu. Mume ana wake wawili na hana hata jibu moja.

Lakini sitasema uongo hapa, kwa sababu barua yenyewe inahusu uongo. Nilianza kuipenda. Si meli, kukuona. Nilikuwa sijawahi kukuona umekaa na kitu kimoja tangu asubuhi mpaka mwadhini anaadhini. Ulikuwa unatoa ulimi pembeni ya mdomo kama ulivyokuwa unafanya ukijifunza kuandika jina lako. Nikawa nasogeza kiti. Nikawa natia mkono.

Unakumbuka vile vibao vya ngozi ya nje, vyembamba kama utepe wangu wa kupimia? Ulikuwa unavilaza vizima, upana ule ule kutoka nyuma mpaka mbele, na pale mbele meli inapokuwa nyembamba vinagombania nafasi, vinapandana. Wewe unavikandamiza kwa nguvu, vinakatika, unatupa, unatukana. Nikakwambia hicho ni kiuno cha gauni. Kiuno hakisukumwi, kinapunguzwa. Nikakuchorea kwa chaki pembeni ya kibao, ukachonga kidogo kidogo kwa wembe, kikaingia mahali pake bila kulalamika. Ulinitazama siku ile. Hukusema asante, maana wewe neno hilo ni mali, lakini ulinitazama.

Nikavimba kichwa. Na mtu aliyevimba kichwa hushauri sana. Siku ya pili yake nikakwambia, bila kuulizwa, "Maliza upande mmoja wote kwanza. Ukikaa vizuri, huo ndio sampuli, halafu upande wa pili unaufuatisha." Ndivyo ninavyofanya sare za harusi. Nashona moja mpaka vifungo, naitundika, halafu nyingine zote zinaifuata. Na wewe, ambaye tangu umetoka tumboni hujawahi kufuata neno langu, siku hiyo ukalifuata. Siku hiyo tu! Kati ya siku zote ulizokaa humu ndani!

Ukapigilia upande wa kulia mpaka ukaisha. Ulikuwa mzuri, sikatai. Tukauacha ukakauka. Ulipotoa vibanio ukaishika meli ukaitazama kwa nyuma, nikaona uso wako umebadilika. Vile vibao vilipokauka vilijivuta vyote kuelekea upande wao, na upande wa pili hapakuwa na kitu cha kuvizuia. Mkuku ulikuwa umepinda. Ukafunika na upande wa kushoto kwa vibao ukidhani mkuku utanyooka. Haukunyooka. Ukiitazama kwa nyuma inaonekana kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Na kile kijitabu, ambacho sasa tulikifungua kwa adabu, kilikuwa kimeonyesha wazi kabisa. Namba moja kulia, namba mbili kushoto, namba tatu kulia, namba nne kushoto. Hazikuwa majina. Ilikuwa zamu.

Ukaichukua ukaisukuma chini ya kitanda. "Imeisha," ukasema. Ukatoka ukaenda kukaa na wenzako pale kituo cha bodaboda, ukarudi usiku.

Sikukwambia nilichofanya ukiwa umetoka, sasa nakwambia. Nilikaa chini na kucheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu mimi ile hali nilikuwa naijua. Nilipokuwa msichana najifunza ushonaji Morogoro, mwalimu wangu Bi Mwanaidi alikuwa na desturi moja mbaya sana. Nguo ukiiharibu, haikatwi kuwa dasta, haifumuliwi, haifichwi. Inatundikwa ukutani karibu na mlango, mahali kila mteja anapita, na haishuki mpaka wewe uliyeiharibu umweleze yeye, kwa maneno yako, iliharibikia wapi. Si kusema "nimekosea, samahani". Alikuwa hataki samahani. "Samahani yako inapima sentimita ngapi?" alikuwa anauliza yule mama, mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi.

Yangu ilikuwa sketi. Ukiivaa, mshono wa pembeni unatembea mpaka unafika mbele ya goti. Ilikaa ukutani mpaka wateja wakaanza kuniuliza, "Ile sketi inauzwa?" Nilimchukia Bi Mwanaidi kwa roho yangu yote. Kila asubuhi naingia naiona. Nikawa naiota. Mpaka siku moja nikiwa nakunja mashuka na mwenzangu, yeye kavuta huku mimi nimevuta huku, shuka likapinda, nikaelewa. Nilikuwa nimeshona mshono wa kulia kutoka juu kwenda chini, na wa kushoto kutoka chini kwenda juu. Kitambaa kimoja kinavutwa huku na huku. Nikakimbia kumwambia. Akaitazama sketi, akanitazama, akaishusha, akanipa nikafutie cherehani.

Sasa niambie. Mtu aliyekaa na sketi ile kichwani miaka yote hii, anawezaje kumwambia mwanawe avute upande mmoja wa meli mpaka mwisho halafu ndipo aanze wa pili? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimepiga magoti mbele ya kitanda chako. Nilijisikia mjinga, Seifu. Nilijionea hasira kuliko niliyokuonea wewe kwa ajili ya pasi.

Ndiyo maana niliitoa chini ya kitanda nikairudisha mezani. Ulidhani nimekuhurumia. Nilitaka ikae palepale tuione.

Tukaendelea. Sitaki hata kukumbuka habari za kamba. Vidole vyako ni vya kushikia jembe na ule uzi ni wa kushikwa na buibui. Mafundo yote nimefunga mimi, kwa sindano, miwani ikiwa imeshuka puani. Na ile kapi, kile kigurudumu cha mti cha kupitishia kamba, kidogo kama punje ya mtama, ulipokidondosha chini kikamezwa na kuku wa Mama Kulwa, ulitaka kumchinja kuku wa watu! Ulimfungia kwenye tenga unamsubiri. Mama Kulwa akaja na ndoo yake ya maziwa, akakukuta umechuchumaa.

"Seifu, mbona unamlinda kuku wangu?"

"Shikamoo, mama. Ana kapi yangu."

"Marahaba. Ana nini?"

Alivyoelezwa alikaa chini akacheka mpaka maziwa yakamwagika. Nikakupa ushanga mmoja kutoka kwenye dera la mteja, ukatosha kabisa, na kuku akaenda zake.

Tanga nililishona mimi, na nililiharibu mimi. Kile kitambaa kilichokuja na boksi kilikuwa laini mno, cherehani ikakimeza, kikatoka kimejikunja na mishono mikubwa kama ya gunia. Nikakwambia nitashona jingine ukimaliza kila kitu. Ukasema sawa. Ulikuwa umeshaanza kusema sawa kwa sauti ya mtu mzima.

Mama Kulwa ndiye aliyeleta balaa, na nampenda, lakini ndiye. Aliitazama meli juu ya meza, akasema kaka yake Masanja ana karakana Mwanza, anaunda maboti ya mbao ya uvuvi, na anatafuta kijana wa kujifunza. "Kaka yangu hataki mtu wa maneno," alisema. "Anataka mkono. Ipigeni picha hiyo kazi nimtumie."

Nilikuwa nimekaa pale nashona lupindo la chini la gauni, nakuona. Uliigeuza meli. Ukatundika kanga yangu nyuma yake. Ukapiga picha upande wa kulia, ukasogea, ukapiga tena upande wa kulia.

"Mbona huku hupigi? Na kwa nyuma?"

"Huku mwanga sio mzuri, mama."

Na mimi nikakubali habari ya mwanga! Mchana wa Kilosa, jua linachoma mpaka bati linalia, mimi nakubali kwamba mwanga sio mzuri. Hivi ni nani aliyenipa akili hizi?

Fundi Masanja akajibu kwa sauti kwenye simu, tukasikiliza sote, Mama Kulwa akiwa ameishika juu kama redio: "Huyo kijana ana mkono. Aje." Mama Kulwa akapiga vigelegele. Wewe ukaruka mpaka ukagonga kichwa kwenye kizingiti. Mimi nilienda jikoni nikalia kwenye kanga, kwa furaha, nakiri. Kwa mara ya kwanza mtu ambaye si mama yako alikuita bila kusukumwa na mtu.

Basi nikawa sielewi kwa nini, tangu siku ile, kila nikitaja kwamba utaenda na meli yako umwonyeshe fundi, unabadilisha maneno. Mara basi litajaa. Mara itavunjika. Mara hutaki kuonekana mtoto. Mpaka jana, "wape watoto wa Mama Kulwa," ndipo nikaona yote, kanga nyuma yake, mwanga, upande wa kulia, upande wa kulia tena. Unataka iishe kabla fundi hajaiona kwa nyuma.

Haya, nisikilize. Sikasiriki kwa sababu imepinda. Iliyopinda tumeipinda wote wawili. Nakasirika kwa sababu unajua kitu ambacho yule fundi anahitaji kukijua, na umekificha nyuma ya kanga yangu. Ile ya mezani ikipinda, hasara yake ni mimi kushonea chini. Zake yeye zinapandwa na watu. Zinaingia ziwani usiku na vijana kama wewe ndani yake, na mama zao wamelala nyumbani kama mimi nitakavyokuwa nimelala. Siku atakapokwambia "pigilia", akidhani mkono wako unanyoosha kwa sababu picha ilinyooka, utafanyaje? Utamwambia mwanga sio mzuri?

Kwa hiyo nimeifunga. Iko kwenye boksi lake lile lile, nimeizungushia vipande vya vitenge kila upande, mlingoti nimeuchomoa nimeulaza pembeni. Boksi liko kwenye begi lako kubwa, chini ya mashati, na barua hii iko juu yake. Usitafute mashati yako mengine, nimeyatoa ili ienee. Utayakuta ukirudi.

Ukifika, kabla hujafungua kinywa kusema lolote zaidi ya shikamoo, itoe uiweke mbele yake, kwa nyuma. Mwambie ulipiga picha upande mmoja. Akikuuliza kwa nini imepinda, usimwambie samahani. Mwambie ilipopindia. Unapajua, maana kijitabu umekisoma mara nyingi kuliko ulivyowahi kusoma daftari la shule. Na ukitaka kusema ni mama aliyekushauri, sema, lakini sema yote, kwamba mama alishauri na wewe ukapigilia, na kwamba huyo huyo mama ndiye aliyekuonyesha kupunguza kibao kwenye kiuno. Nami nina sifa zangu, zisiachwe nyuma.

Anaweza kukurudisha, sikufichi. Mama Kulwa anasema kaka yake ana hasira za karibu, na kijana wa kabla yako alimfukuza kwa sababu ya msumeno. Nimekaa hapa alasiri yote naogopa hilo. Naogopa utarudi umeinamisha kichwa, useme mama ndiye aliyenifukuzisha safari hii, na sijui kama utanisamehe. Nimefungua begi mara mbili nikataka kuitoa hiyo meli na kuisukuma tena chini ya kitanda. Niliishika nikaitazama kwa nyuma. Halafu nikairudisha begini.

Sijampigia fundi. Sikumwambia Mama Kulwa. Unaweza ukaiacha kwenye kituo cha Dodoma chini ya benchi, na mimi hapa sitajua chochote, nitaendelea kuwapima watu viuno na kusema mwanangu yuko Mwanza, anaunda maboti. Kwa sauti, na wa nje wasikie. Hilo ni lako wewe peke yako, sina meza ya kukulindia huko.

Nasikia bodaboda, lakini si yako, imepita. Nimalize.

Ukifungua boksi utaona halina tanga. Usidhani nimesahau. Nilikata kitambaa kilichobaki kwenye kanzu yako ya Idi, nimelishona, liko hapa mbele yangu juu ya meza. Nimebaki nalo. Siku fundi Masanja atakapokuwa ameiona meli hiyo pande zote, njoo ulichukue. Akikufukuza siku hiyo hiyo, panda basi uje ulichukue. Akikubakiza, subiri mpaka akupe ruhusa, uje ulichukue. Lakini usiniombe nilitume kwa basi, sitalituma, na usije kulichukua kabla hajaiona, maana nitakutazama usoni na nitajua.

Halikupita kwenye cherehani safari hii. Nimelishona kwa mkono, kidogo kulia, kidogo kushoto, kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka mwisho. Halijapinda.

Mama